Mama auze miti ili nikajitolee Geneva?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 25, naishi Kihesa hapa Iringa. Nilimaliza shahada ya maendeleo ya jamii mwaka 2023 na tangu hapo niko mtaani. Ajira Portal naingia mpaka vidole vinaijua paswedi vyenyewe. Nimeitwa usaili mara mbili, zote Dodoma, zote kwa nauli ya kukopa, na ukumbi ulijaa kama mkutano wa injili.

Mwaka jana mwezi wa tatu nilianza kujitolea kwenye shirika dogo linaloshughulika na maji vijijini, upande wa Kilolo. Niliambiwa miezi mitatu, halafu "tutaangalia". Sasa ni mwezi wa kumi na nne, bado tunaangalia. Napewa nauli, na siku za kwenda vijijini naongezewa elfu kumi ya chakula. Nafungua ofisi, nachemsha chai ya wageni, natafsiri dodoso, nakwenda kuhoji viongozi wa CBWSO (jumuiya za watumia maji vijijini) na akina mama kwenye magati ya kuchotea maji, naingiza majibu kwenye Kobo, programu ya kukusanyia takwimu, kisha naandika ripoti inayokwenda kwa mfadhili ikiwa na jina la mtu mwingine. Tumeshapita vituo 64 vya maji katika vijiji 11. Vijana sita wa kuhoji tuliowapata hukohuko vijijini, mimi ndiye niliyewafundisha.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Kila mwezi wa nane anakuja kijana wa kujitolea kutoka Ujerumani, anakaa mwaka mzima. Huyu wa sasa ana miaka 19, ametoka sekondari juzi. Namfundisha Kiswahili, namfundisha kazi, namfundisha kusema "kamwene" kwa wazee na kukataa ulanzi bila kumuudhi mwenye nyumba. Yeye ana chumba kilicholipiwa, bima na fedha ya matumizi. Kwa nini kujitolea kwake kunalipiwa na kwangu hakulipiwi? Nikimgusia mkurugenzi anasema, "Vumilia binti yangu, hapa sisi ni familia." Mjomba naye amesema mbele ya ukoo kwamba nimesomeshwa ili nikafanye kazi ya bure.

Wiki mbili zilizopita niliunganishwa kwenye kundi la WhatsApp la watu wa kujitolea Umoja wa Mataifa. Mratibu amenitumia barua yenye nembo: nimechaguliwa kwenda Geneva miezi 12, posho dola 3,200 kwa mwezi. Natakiwa kulipa dola 480 za "kushughulikia faili na bima" kabla ya tarehe 30, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Mama ana nusu eka ya paini kule Mufindi, zina miaka saba. Amepata mnunuzi anayezitaka hivyohivyo zikiwa changa, na amesema ataziuza.

Silali, Shangazi. Tulipe? Niache hili shirika? Na miezi 14 hii kwenye wasifu naiandikaje, wakati sijawahi kuajiriwa?

Mchemsha Chai, Iringa

---

Marahaba mwanangu.

Nianze na miti, maana miti ina tarehe 30 na mengine yanaweza kusubiri chai ipoe.

Mama asiuze. Hiyo barua ni ya matapeli, na siandiki "huenda". Programu ya Umoja wa Mataifa ya watu wa kujitolea, wenyewe wanaiita UNV, iliundwa na Baraza Kuu mwaka 1970 na makao yake yako Bonn, Ujerumani. Haimtozi mwombaji fedha katika hatua yoyote: ya faili haipo, ya bima haipo. Wala haimteui mtu aliyekaa kwake Kihesa bila kuomba. Unafungua akaunti kwenye tovuti yao, unajaza wasifu, unaomba nafasi moja yenye jina na kituo, unasailiwa, ndipo unajibiwa. Wewe uliomba nafasi gani? Alikusaili nani? Katika barua yako yote nimeona nembo tu, na nembo siku hizi kijana yeyote wa steshenari anayechapa kadi za harusi anaibandika kwa dakika tano.

Halafu hilo la "nafasi anapewa mwingine". Haraka hiyo ndiyo inayowauzisha viwanja na ng'ombe watu wenye akili zao timamu, kwa hiyo usijione mjinga. Usiwatukane, usiwaage. Hifadhi picha za mazungumzo yote, namba yao itume kwenda 15040 wanakopokea taarifa za utapeli wa simu, kisha ondoka kwenye kundi. Mama mpigie leo. Akishapokea kianzio kwa mnunuzi itakuwa kesi nyingine. Paini ya miaka saba haijafika mbao, na mtu anayeitaka sasa anajua vizuri kwa nini anaitaka sasa.

Kwa kuwa matapeli wameshakutia hamu, nikwambie UNV ya kweli ilivyo. Ina kundi la vijana, miaka 18 hadi 26. Ukifika 27 unaingia kundi la wataalamu, ambako unashindana na watu wenye miaka kadhaa ya kazi. Una 25, hesabu mwenyewe muda uliobaki. Si lazima uwaze Geneva. Kuna wanaojitolea ndani ya nchi zao, kwenye ofisi za mashirika ya Umoja wa Mataifa, na wanapewa posho ya kujikimu kila mwezi pamoja na bima. Nafasi za Dar es Salaam, Dodoma au Kigoma ndizo ningezitazama kwanza kama ningekuwa wewe, kwa sababu Kiswahili chako na miguu yako iliyozoea vijiji ni mtaji huko. Umoja wa Afrika nao una kikosi chake cha vijana wa kujitolea tangu 2010, kwa wenye miaka 18 hadi 35. Kinampeleka kijana nchi nyingine ya Afrika kwa miezi 12, na kuomba ni bure pia.

UNV wana pia kazi za kujitolea kwa mtandao: saa zisizozidi 20 kwa wiki, wiki zisizozidi 12. Hizo hazina posho, nasema mapema usije ukanilaumu. Faida yake ni cheti, na mtu wa pili wa kukusemea vizuri kwa waajiri ambaye hayuko Iringa. Chukua moja, ya takwimu au tafsiri, lakini baada ya kumaliza mazungumzo na mkurugenzi wako. Mtu mwenye miezi 14 ya bure haongezewi bure nyingine juu.

Sasa swali la Mjerumani. Hilo ndilo lililonikalisha kitako, kwa sababu umeuliza jambo ambalo watu wengi wa fani yetu wanalimeza tu.

Kijana wa miaka 18 au 19 anayekuja mwaka mzima kutoka Ujerumani, kwa kawaida anakuja kwa programu inayoitwa weltwärts, iliyoanzishwa na wizara yao ya ushirikiano wa maendeleo mwaka 2008. Fedha nyingi inatoa serikali yao, kupitia shirika la kule linalomtuma. Kwa hiyo ofisi yako haimpendelei kwa mshahara. Fedha yake haipiti kwenye droo ya mkurugenzi wako. Kuna mtu alikaa mezani akaandika bajeti: chumba, bima, tiketi, semina ya kumwandaa, fedha ya mfukoni. Wewe hakuna aliyekuandikia bajeti. Lakini usidhani kwamba kujitolea kwako hakulipiwi. Chumba chako Kihesa kinalipwa na nani? Bando? Sabuni? Analipa mama yako. Mama mwenye nusu eka ya paini ndiye mfadhili wa mradi wa maji wa Kilolo, na jina lake halimo kwenye ripoti.

Hilo likae kichwani mwako kila utakapoambiwa neno kujitolea. Uliza nani analipia, na mpaka lini.

Turudi kwa weltwärts. Kwa miaka ya mwanzo barabara ilikuwa ya upande mmoja, wao wanakuja, wetu hawaendi. Mwaka 2013 ukafunguliwa upande wa pili. Vijana wa nchi wabia, Tanzania ikiwemo, wenye miaka 18 hadi 28, wanakwenda Ujerumani kujitolea katika shule za chekechea, nyumba za wazee, miradi ya mazingira na kadhalika. Tiketi, malazi, chakula, bima na fedha kidogo ya mfukoni vinagharimiwa. Huombi wizarani. Unapita kwa shirika la kule linalopokea na mwenzake wa huku anayetuma. Yaani huo mlango uko ofisini kwako, na umekuwa ukiuchemshia chai. Muulize mkurugenzi: mbia wetu wa Ujerumani anapokea vijana kutoka huku? Kama hapokei, anamfahamu anayepokea?

Ila ukienda, nenda ukijua. Utakuwa na shahada yako, na utafuta watoto kamasi. Fedha ya mfukoni ni ya mfukoni kweli. Anayekwenda akidhani atatuma ya mabati nyumbani anaumia. Ningekwenda kwa ajili ya lugha, na kuona kutoka ndani jinsi taasisi za watu hawa zinavyopanga, zinavyoandika na zinavyojibu barua. Mtu aliyeishi pande zote mbili za ubia ana jicho ambalo halifundishwi darasani.

Niliposoma kwamba ripoti inakwenda na jina la mtu mwingine nilikumbuka kosa langu mwenyewe. Mwaka 2015 nilikuwa Kigoma. Warundi walikuwa wanakimbia machafuko ya kwao, makumi ya maelfu wakakwama Kagunga, kale kakijiji ka mwambao ambako mlima unakutana na ziwa. Kipindupindu kikaingia. Meli ya Liemba ikawa inawaleta Kigoma mjini, wanashushwa uwanja wa Lake Tanganyika, kisha mabasi yanawapeleka kambi ya Nyarugusu kule Kasulu, ambayo ilikuwa na Wakongo tangu 1996. Mimi nilijitolea na shirika ambalo sitalitaja. Nikapewa daftari, niandike majina ya wanaoshuka. Mafunzo yalichukua muda wa kunywa soda.

Nikaandika. Niyonkuru mmoja nikamwandika Nyonkuru, kesho yake mwenzangu akamwandika Niyonguru. Mtu mmoja akawa watatu, na kwingine watatu wakawa mmoja, na mama mmoja akarudishwa kwenye foleni ya mgao kwa sababu kwenye karatasi alikuwa ameshachukua. Alinitazama tu. Usiku ule tulikaa na taa ya chemli, wajinga wanne, tukatunga kanuni zetu za kuandika majina: muulize jina la baba, muulize mlima aliotoka (kwao mlima ni kama kijiji), mwache aandike mwenyewe kama anajua. Kusafisha orodha ndiko kumenilisha tangu wakati huo, na sikukusomea popote. Palepale nilijifunza pia kwamba kambi ina hesabu zake, lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, choo kimoja kwa watu 20, na kwamba anayezijua hesabu hizo anasikilizwa kwenye kikao hata kama ni binti asiye na cheo.

Niliondoka baada ya miezi saba bila karatasi. Msimamizi wangu aliniahidi barua, kisha akahamishiwa Sudan Kusini, akabadilisha simu, basi. Miaka miwili baadaye usaili mmoja wakaniuliza ushahidi, nikabaki kusimulia kama bibi na mjukuu. Ile kazi sikuipata.

Ndiyo maana nakusukuma uongee na mkurugenzi mwezi huu. Wala simwoni kama mtu mbaya. Tangu Marekani ilipokata misaada yake mapema 2025, mashirika mengi madogo yana gari na hayana mafuta. Lakini "familia" ni neno linalotumika pale mkataba unapoogopwa. Usimvizie mlangoni. Omba nusu saa, siku ya Ijumaa, umwambie mapema kwamba unataka kuzungumzia nafasi yako. Kisha sema kitu kama hiki, kwa sauti ya kawaida:

"Mzee, nashukuru kwa nafasi mliyonipa. Tulikubaliana miezi mitatu, leo ni kumi na nne. Naipenda kazi hii na ningependa kujua, kwenye andiko la mradi linalokuja nafasi ya afisa takwimu inaweza kuwekewa bajeti? Kama haiwezekani naelewa, nitakaa mpaka mwisho wa mwezi wa tisa, nimfundishe atakayenipokea. Kwa vyovyote naomba barua inayoeleza nilichofanya, na jina langu liwekwe kwenye ripoti ninazoandika."

Halafu nyamaza. Kunyamaza kutakuwa kugumu kuliko kusema. Akianza hadithi ya familia, msikilize yote, kisha uliza tena kuhusu barua. Barua ndiyo usiyorudi nyuma juu yake. Na ili asipate shida ya kuiandika, nenda nayo umeshaiandika, aisome, arekebishe, asaini, agonge muhuri. Wakurugenzi wengi hawakatai kusaini kilichoandikwa vizuri. Tarehe ya mwisho itaje mwenyewe. Wakikupa ajira kabla ya hapo, vizuri. Wasipokupa, tarehe ikifika ondoka, hata kama mvua inanyesha na wageni wako njiani.

Kwa nini nakupa mpaka mwezi wa tisa badala ya kukwambia toka kesho? Kwa sababu bado kuna kitu hujakichuma hapo. Una vituo 64 vya maji na majibu ya watu wa vijiji 11, na nakisia mpaka sasa vimekaa kwenye Kobo kama mahindi ghalani. Jifunze kuyapunguza yale majedwali yawe ukurasa mmoja ambao diwani wa kata anaweza kuusoma amesimama: magati mangapi hayatoi maji, yamekufa kwa sababu gani, pampu, koki au ugomvi wa fedha za jumuiya. Kwa ruhusa ya ofisi, omba dakika 20 kwa meneja wa wilaya wa RUWASA, wakala wa maji vijijini, umwonyeshe. Siku utakayokuwa umesimama mbele ya mhandisi ukatetea takwimu zako akakubishia ukamjibu, utakuwa umepata somo ambalo mwenzako wa Geneva angelilipia ada.

Kama vituo vyenu mlivichukulia alama za mahali kwa simu, viweke kwenye ramani. Dar es Salaam mwaka 2015 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizunguka mitaa inayofurika, wao na wakazi, wakachora mifereji na nyumba chini ya mradi wa Ramani Huria. Programu walizotumia ni za bure. Zinataka bando na subira, na subira unayo ya kutosha. Miezi 14 imethibitisha.

Wasifu. Nina hakika umeandika "nilisaidia shughuli mbalimbali za ofisi". Futa. Neno "kusaidia" limewanyima kazi wasichana wengi kuliko ukosefu wa shahada. Andika chini ya kichwa cha uzoefu wa kazi, palepale mwenzako anapoandika ajira yake: Mratibu wa ukusanyaji takwimu (kujitolea), mwezi wa kuanza, mwezi wa kumaliza. Kisha: nimeratibu ukaguzi wa vituo 64 vya maji katika vijiji 11 wilayani Kilolo, nimefundisha na kusimamia wadodosaji sita kutumia KoboToolbox, nimetafsiri dodoso kutoka Kiingereza, nimeandaa ripoti za mfadhili, taja ngapi. Na hili usilisahau: nimemwelekeza kazi mtu wa kujitolea kutoka nje kwa mwaka mzima. Unamwona yule Mjerumani kama kidonda, ila kwa mwajiri anayepokea wageni kila mwaka hiyo ni sifa, na si kila mtu anayo. Hasira zako ni halali, mimi mwenyewe ningezikasirikia hizo fedha za mfukoni, ila yeye hakuandika bajeti. Mwombe mbadilishane: saa moja ya Kijerumani kila jioni kwa Kiswahili chote ulichokwisha kumpa. Kama mlango wa Ujerumani utafunguka, utaukuta na maneno mawili matatu mdomoni.

Mjomba nimemwacha mwisho makusudi, maana sina mengi. Umri wake, kama amekulia vijijini, ameshachimba barabara na kubeba matofali ya shule kwa msaragambo, na pengine mwaka 1973 alimwona baba yake akichimba choo kwa sababu kampeni ya afya ya redioni ilisema Mtu ni Afya. Anajua kujitolea kuliko mimi na wewe. Anachokataa ni mtu mmoja kulima na mwingine kuvuna, na hapo, samahani, namuunga mkono. Barua ikishasainiwa mpelekee aisome.

Chai endelea kuchemsha, si dhambi. Ila kabandike zamu ukutani: Jumatatu mkurugenzi, Jumanne mhasibu, Jumatano Mjerumani, Alhamisi dereva, Ijumaa wewe.